Mnaokwenda kuhesabiwa, mbwa mnamwachia nani?

Barua ya wazi kwa wafugaji wa mbwa na paka wa Dar es Salaam

Kaka zangu, dada zangu, mama na baba zangu mnaofuga,

Najua mnafungasha. Ikifika katikati ya Desemba, Stendi ya Magufuli pale Mbezi haikanyagiki: wenzetu Wachaga, mnaotaniwa kila mwaka kwamba mnakwenda kuhesabiwa, mmeshashika tiketi, na wa Mbeya na Bukoba nao hawako nyuma. Mji unapumua. Mtu anatoka Mwenge hadi Tegeta bila foleni mpaka anashangaa. Lakini nyuma ya mageti ya Mbezi Beach, Kimara na Kigamboni kunabaki wawili, mlinzi na mbwa. Pengine na wa tatu, paka aliyelala kivulini chini ya tenki la maji. Nimekaa kuwaandikia kwa ajili ya hao.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Nilikuja mjini kuwa dada wa kazi, nikapika, nikafua, nikalea watoto wa watu, na mwisho nikajikuta nalea mbwa wao. Leo hiyo ndiyo kazi yangu: mwenye nyumba akisafiri, nabaki na wanyama wake, ama kwa kulala pale pale, ama kwa kwenda asubuhi na jioni. Kwenye daftari langu najiandika “mwangalizi wa wanyama”. Mtaani kwetu Mwananyamala naitwa yaya wa mbwa, na kila anayeniita hivyo hucheka kwanza. Nimezoea. Nisichokizoea ni namna mnavyomchagua mtu wa kumwachia mnyama, na namna mnavyomwacha huyo mtu.

Karibu kila nyumba niliyopita niliulizwa swali lile lile: “Dada, unapenda mbwa?” Siku hizi namuuliza bosi na mimi, “Na yeye anapenda watu?” Anacheka, lakini mara nyingi hapo ndipo yanapoanza kutoka yale aliyotaka kunificha. Kwamba mwaka juzi alimng’ata fundi bomba. Kwamba akiona mwavuli anapandwa na wazimu.

Upendo siukatai. Ila nimeuona ukiua. Nyumba moja ya majirani zetu wa kazi kulikuwa na kijana wa bustani, mpole, ambaye paka wa bosi alikuwa akilala kwenye kofia yake. Paka akaanza kuchechemea. Kijana akafanya vile ambavyo mama yake angemfanyia yeye: akaponda kidonge cha Panadol, akakoroga kwenye maziwa, akambembeleza mpaka akanywa. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile kama letu. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Jioni ufizi ulikuwa umegeuka rangi ya kahawa, uso umevimba, na kesho yake akafa. Kijana alilia kama aliyefiwa na ndugu. Angekuwa hampendi, angemwacha achechemee, na pengine ule mguu ungepona wenyewe.

Sikukuu ndizo zenye mitego ya namna hiyo kuliko siku nyingine. Mlinzi anabakiziwa pilau na jirani, anamwonea huruma mbwa, anamgawia: vitunguu maji na vitunguu saumu vilivyomo humo vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na ya paka zaidi. Keki ina zabibu, na zabibu zimewahi kuua figo za mbwa wengi. Chokoleti nayo ni sumu kwao. Mifupa ya kuku aliyepikwa inapasuka vipande vyenye ncha kama sindano. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho mtu hutoa kwa ubaya. Hutoa kwa sababu hakuna aliyemwambia, na bosi alipoondoka alisema tu, “Mwangalie mbwa, eeh?”

Basi mkitaka kumjaribu mtu, achaneni na maswali ya mapenzi. Mpeni kiti uani, akae na mnyama nusu saa, asipewe kazi yoyote. Kisha mwulizeni ameona nini. Wengi watasema, “Mbwa mzuri, bosi.” Mwenye kazi hii ndani yake atakwambia kwamba analikuna sana sikio la kushoto, kwamba bakuli lake la maji limejaa lakini yeye anakunywa kwenye ndoo ya bustani, kwamba akilala chini anateremsha nyuma polepole kama mzee mwenye nyonga mbovu. Huyo msimwache aende. Mwongezeni mshahara.

Kazi yetu, ukiivua mapambo yote, ni kulijua la kawaida ili lisilo la kawaida likitokea ulione siku ile ile. Ndiyo maana mimi hukataa kukabidhiwa funguo getini wakati gari linanguruma. Naomba siku mbili kabla ya safari, mwenyewe akiwepo. Naandika: anakula kiasi gani na kwa mwendo gani, anakunywa wapi, choo chake kikoje na anakwenda mara ngapi, akilala anapumua vipi. Nainua mdomo wa juu kidogo niuone ufizi. Kwa wengi huwa wa rangi ya waridi, ingawa kuna waliozaliwa na ufizi mweusi, na hilo ni lazima ulijue mapema, si usiku wa ugonjwa. Ukiubonyeza kwa kidole unakuwa mweupe, ukiachia rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Mbwa aliyeshambuliwa na magonjwa ya kupe, ambayo hapa kwetu hayana likizo, mara nyingi ufizi ndio unaomsema kabla hajalala chini: unapauka, pengine na mkojo unabadilika rangi. Joto lake la mwili ni kati ya nyuzi 38 na 39 na ushei. Nimemkuta mtu kamvika mbwa kitambaa cha maji kwa sababu kipimajoto kilisoma 38.7 na yeye alihesabu kwa kipimo cha mwanadamu. Mbwa mzima kabisa, amelowa na amekasirika.

Paka ni mtihani mwingine, kwa sababu anaficha. Nilikaa na dume mmoja, mnene, wa ndani, asiyetoka. Siku ya tatu nikaona amekwenda kwenye mchanga wake, akachuchumaa, akatoka. Akarudi. Alipokwenda mara ya tano nikaacha kufagia nikakaa kumtazama. Mchanga ulikuwa mkavu. Nikampigia mwenyewe; akasema, “Atakuwa amefunga choo huyo, mpe mafuta kidogo.” Kumbe haikuwa choo. Paka dume akikaza hivyo na mkojo hautoki, njia imeziba, na ikikaa siku mbili tatu anakufa. Tulikwenda kwa daktari wa mifugo kwa bajaji usiku, yeye ndani ya tenga la kuku. Daktari alimpapasa tumbo akaniambia nipapase na mimi: kibofu kilikuwa kigumu kama chungwa. Paka yule yuko hai. Nasema haya si kwa kujisifu. Nasema kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa dogo sana: mchanga mkavu. Mtu anayekwenda mara moja kwa siku kumwaga chakula na kuondoka asingeliona.

Na jingine la paka, kwa wale wanaosema “akisusa mwache, atakula njaa ikimuuma.” Paka hafungi saumu. Akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta yanakimbilia kwenye ini na linashindwa kazi. Anasusa kwa majonzi ya kuachwa, kisha majonzi yanageuka ugonjwa.

Kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, hawa wa Kijerumani na yale majibwa ya Afrika Kusini mnayoyapenda siku hizi, kuna tumbo linalojaa hewa na kujipinda. Linakaza kama ngoma, mnyama anataka kutapika na hakitoki kitu ila mate, anahangaika hajui alale wapi. Hapo hatuhesabu siku, tunahesabu saa. Mlinzi aambiwe hili waziwazi, na aambiwe pia kwamba usiku huo ana ruhusa ya kuita gari.

Joto. Mnasafiri wakati kaskazi imeingia na Dar inachemka, mnakwenda kwenye baridi ya Rombo, na mnasahau mlikotoka. Mbwa hatoi jasho kama sisi, ni kidogo tu kwenye nyayo. Anajipoza kwa kuhema. Wale wa pua bapa hata kuhema kwenyewe ni shida. Banda la bati lisilo na kivuli saa saba mchana ni tanuri. Mimi huweka maji sehemu mbili, kwenye karai zito asilolipindua, na kumtembeza ni kabla jua halijatoka au baada ya magharibi. Lami naipima kwa mgongo wa mkono: nikishindwa kuuacha pale, na yeye hapiti.

Kuhusu meno, ngoja niwe mrefu kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Wengi wenu mmefuga mbwa wa ulinzi, amefungiwa mchana kutwa, anafunguliwa saa nne usiku, na sifa yake kubwa ni kwamba “hataki mtu”. Kisha mnaleta mgeni wa wiki mbili amhudumie. Mwangalizi anayefaa si yule asiyeogopa. Asiyeogopa anang’atwa. Anayefaa ni anayesoma. Mkia kutikisika si furaha kila mara. Ukiwa juu, umekaza, unatikisika kwa kasi ya nyuki, simama ulipo. Mbwa anayepiga miayo wakati hana usingizi, anayelamba pua, anayekutazama kwa jicho la pembeni mpaka weupe unaonekana, anakuambia ana hofu. Usimkodolee macho. Mpe ubavu, chuchumaa mbali, tupa kipande cha dagaa, ondoka. Kesho rudia. Inaweza kuchukua siku mbili kabla hajanikubali nifungue banda, na kwa siku hizo mbili mwenyewe lazima awepo. Nawaomba sana msinicheke nikisema hivyo. Mbwa mwenye hofu hafunguki eti kwa sababu wewe unakwenda kuchinja ndafu.

Na akikung’ata? Kwanza jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, saa ikitazamwa. Kisha hospitali kwa ajili ya chanjo, siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu karibu hakuna anayepona, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaokipata hukipata kutokana na mbwa. Kadi ya chanjo ya mbwa wenu ibaki nyumbani, isifungiwe kabatini na hati ya kiwanja. Jambo la mwisho ndilo ambalo mtaa hulikosea: mbwa aliyeng’ata asipigwe mawe akafa. Afungiwe, aangaliwe siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, basi siku ile alipong’ata hakuwa na ugonjwa kwenye mate. Akiuawa na kutupwa jalalani, aliyeng’atwa anabaki na wasiwasi wake.

Sasa la dini, ambalo mabosi wengi mnalizunguka kama shimo barabarani. Mimi ni Mwislamu, na pwani hii wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafii. Mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito. Huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nina dera la kazi, mabuti na glovu, na vyote vinakaa kwenye ndoo yake. Kabla ya sala nabadilika. Paka hana neno, anaingia mpaka kwenye mkeka. Lakini si kila kijana wa Tanga au Unguja mliyemwajiri kulinda geti amekaa na nafsi yake akalipanga hivi. Mnamkabidhi mnyororo wa mbwa, anakubali kwa kuwa ana watoto, kisha anamrushia chakula kwa mbali kwa koleo na hajui hata kama ana kidonda shingoni. Mnamwita mvivu. Mwulizeni kabla. Akisema hawezi, mshukuruni kwa ukweli na mtafute mwingine. Na ndugu zangu wa imani, tunaoifanya najisi kuwa kisingizio: sote tulifundishwa madrasa habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na za mtu aliyesamehewa kwa kumtekea mbwa maji kisimani kwa kiatu chake. Hata serikali iliandika Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Anayefungiwa ana haki yake kwa aliyeshika ufunguo.

Nilikaa mara moja na kasuku pia. Nilijifunza mambo matatu: asile parachichi, asikae karibu na kikaango kisichogandisha kinapopata moto kupita kiasi maana moshi wake unamuua ndege kwa dakika chache, na akiniita kwa sauti ya bosi nisiitike. La tatu lilinichukua wiki nzima.

Nimeyaeleza haya yote, na bado sijafika nilikokuwa naelekea. Kuona ni nusu. Nusu ya pili ni kusema.

Mwaka mmoja, usiku wa kuamkia Januari mosi, fataki zilipoanza, mbwa wa nyumba moja ya mtaa ninaofanyia kazi aliruka ukuta. Mbwa akisikia mlipuko ule haruki kwa kutoroka, anaruka kwa kuokoa roho, na akishafika nje hajui arudi vipi. Mlinzi alimtafuta peke yake na tochi ya simu mpaka alfajiri. Asubuhi bosi akapiga kutoka kijijini kutakia heri ya mwaka mpya. “Mbwa hajambo?” “Hajambo, bosi, salama kabisa.” Siku ya pili salama. Siku ya tatu salama. Kumbe siku hizo zote mbwa alikuwa mitaa michache tu kutoka pale, watoto wamemfunga kamba, wanamlisha ugali. Habari zilipomfikia mwenyewe kupitia mtu mwingine, siku ya nne, kamba ilikutwa tupu. Hakuonekana tena. Kama usiku ule neno lingetoka, majirani wote wenye simu wangekuwa wanamtafuta.

Bosi alikuja kunilalamikia mimi, kwa kuwa tunafahamiana. “Kwa nini alinidanganya?” Nikamuuliza, mlinzi alipovunja kioo cha taa mwaka uliotangulia, yeye alimfanya nini. Akanyamaza kidogo, akasema, “Nilimkata mshahara.”

Simnyooshei kidole yule mlinzi, kwa sababu na mimi nimewahi kuficha. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nahudumia nyumba mbili kwa siku. Ya kwanza ilikuwa na watoto wa mbwa wanaoharisha damu. Nikatoka pale na ndala zile zile, nikaingia ya pili, kwenye kitoto cha miezi miwili kisichomaliza chanjo. Virusi vile, vya parvo, vinakaa kwenye udongo na kwenye viatu kwa miezi. Kitoto kiliugua, kikafa. Mwenyewe alipouliza kimetoa wapi, nilisema sijui. Nilikuwa nimeshaelewa, daktari alikuwa ameshanieleza, na nilisema sijui, kwa sababu nilihitaji hela ya kodi ya chumba. Siku hizi kila nyumba ina ndala zake, na getini nina ndoo ya maji na jiki ya kukanyaga. Yule mama sijawahi kumwambia. Kama anasoma hapa, ni mimi.

Kwa hiyo mnapotafuta mtu mwaminifu, nawaomba mjitazame kwanza ninyi. Uaminifu wa kazi hii si wa kutoiba sukari. Ni wa kupiga simu saa nane usiku na kusema, “Bosi, mbwa ametoka,” au “Nimemkanyaga paka, nadhani nimemvunja mguu.” Mtu hawezi kusema hivyo kwa anayemjua kwamba atamtukana kwanza na kumsikiliza baadaye. Wapo wanyama wanaokufa kwa sababu aliyeona aliogopa kukatwa mshahara. Hofu hiyo haikuzaliwa naye. Aliikuta hapo nyumbani.

Kuna na hofu ya pili: hela. Mlinzi anaona tumbo limekaza kama ngoma, anajua ni hatari, lakini mfukoni ana elfu tatu na bosi simu haipatikani kwa kuwa huko mlimani mtandao unakuja na kuondoka. Atafanya nini? Atasali. Acheni fedha ya daktari, iwe kwenye simu ya mtu huyo au kwa jirani anayefikika, na namba ya daktari wa mifugo mliyeshazungumza naye. Andikeni kwa mkono wenu kwamba mmemruhusu mtu huyu kumpeleka mnyama na kukubali matibabu mpaka kiasi fulani. Na lile gumu: ikifika mahali daktari anasema hakuna matumaini, nani anaamua? Mimi huuliza swali hilo kabla ya safari. Wapo wanaokasirika, wanasema namchulia mbwa. Ni afadhali wakasirike sebuleni kuliko mimi nishike uamuzi ule peke yangu mezani kwa daktari.

Vitu vidogo navipitia haraka. Umeme: jazeni LUKU, au mwacheni na hela yake, maana friza ikizima utumbo wa kumlisha mbwa unaoza na atalishwa huo huo. Chakula kiwe kile kile alichozoea, kama ni ugali wa dona na dagaa basi dona na dagaa. Mkanda wa shingo uwe na namba ya simu inayopatikana. Dawa ya viroboto iliyoandikwa ya mbwa isimguse paka, zipo zinazomtetemesha mpaka kufa. Tarehe 31 mbwa atembezwe mapema, alishwe, kisha jioni aingizwe ndani, pazia lishushwe, redio iwashwe. Taarabu inafaa sana, nimejaribu.

Malipo siyapiti haraka. Mlinzi mmemwajiri kulinda. Kumlisha mbwa, kumtembeza, kumtoa kupe na kukesha naye usiku wa fataki ni kazi nyingine, na kazi nyingine ina ujira mwingine. Zawadi ya kilo mbili za mchele mkirudi si ujira, ni heri ya mwaka mpya.

Na kwa upande wetu sisi tunaofanya kazi hii, ili msiseme nawasema ninyi tu. Nyumba ya watu ni siri. Picha ya mbwa juu ya sofa uliyoiweka status inamwambia mtaa mzima kwamba wenyewe hawapo. Usilete rafiki, hata wa kunywa chai. Usikubali nyumba tatu kwa siku kama miguu yako inatosha mbili. Ukiahidi saa kumi na mbili asubuhi, mnyama hana saa lakini ana tumbo, na ameshakaa getini anakusubiri. Na usilolijua sema hulijui. Mimi sikati kucha za kasuku, sichomi sindano, na sikubali mbwa ambaye ameshang’ata watu wawili, hata bosi apandishe bei.

Mwaka huu nafasi zangu zimejaa mpaka tarehe 4 Januari, kwa hiyo msidhani natafuta wateja. Usiku wa tarehe 31 nitakuwa Mbezi Beach, chumba cha ndani, na jike wa miaka 11 ambaye haoni vizuri na anaogopa hata mlango ukijipiga. Walinzi wa nyumba za jirani wana namba yangu. Ninyi hakikisheni tu kwamba wana ya kwenu, ile inayopatikana huko mliko, na msiizime mkilala. Ikilia saa nane usiku, pokeeni. Na mtakaloambiwa, lisikilizeni mpaka mwisho kabla hamjasema kitu.

Safari njema.

Wenu,
Yaya wa mbwa,
Mwananyamala, Dar es Salaam